Tiba ya Mionzi: Kuipokea kwa Moyo Thabiti

Neno saratani likitamkwa nyumbani, mazungumzo yote huzimika. Daktari akiongeza kwamba mgonjwa atatibiwa kwa mionzi, hofu huwa maradufu. Je, nitaungua? Je, nitawadhuru wanangu nikiwakumbatia? Je, nitaweza kuswali na kufunga? Haya ni maswali ya haki, na mengi yana majibu yanayotuliza.

Mionzi hufanya nini?

Mionzi ya tiba ni ya jamii moja na ile ya eksirei, iliyogunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895, ila nguvu zake ni kubwa zaidi. Huelekezwa penye uvimbe ili iziharibu chembe za saratani zisiweze kuzaana tena. Chembe nzima zilizo jirani nazo huguswa, lakini hizo zina uwezo mkubwa zaidi wa kujitengeneza. Ndiyo sababu tiba haitolewi kwa mkupuo mmoja, bali hugawanywa katika vikao vya kila siku, kwa kawaida Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma kadhaa. Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti, kwa mfano, hupewa vikao 15 hadi 25.

Kikao chenyewe hakiumi. Mgonjwa hulala na kutulia kwa dakika chache mashine ikifanya kazi yake. Wahudumu hutoka chumbani, lakini humwona kwa kamera. Hapo ndipo wengi huzitumia dakika hizo kwa dhikri ya kimoyomoyo. Kwa mionzi inayotolewa kwa mashine ya nje, akiinuka habaki na mionzi mwilini. Anaweza kurudi nyumbani akampakata mwanawe. Mionzi inayowekwa ndani ya mwili ina masharti yake, na daktari atayaeleza.

Stara na ibada

Dada anayeona haya ana haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke, na afunikwe leso ila pale panapotibiwa tu. Alama ndogo huwekwa kwenye ngozi ili mionzi ilenge mahali pale pale kila siku. Zipo za wino unaofutika na zipo nukta za kudumu. Anayetia shaka na aulize kabla ya kuwekewa. Alama za wino zisisuguliwe wakati wa kuoga au kutawadha.

Dini yetu haikumkalifisha mgonjwa. Asiyeweza kusimama huswali ameketi. Aliyekatazwa maji hutayammamu. Na asiyeweza kufunga Ramadhani ana ruhusa ya kula. Kuipokea ruhusa hiyo si udhaifu wa imani.

Ngozi, nywele na uchovu

Ngozi ya mahali palipotibiwa huweza kuwa nyeusi zaidi, kuwasha au kuchubuka. Ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha ikaushwe kwa kuguswaguswa na kitambaa laini. Uturi, piko na mafuta yasiyoidhinishwa na daktari yasipakwe hapo. Nguo za pamba zisizobana ndizo bora. Nywele hudondoka pale tu mionzi ilipopita: anayetibiwa titi hapotezi nywele za kichwani kwa sababu ya mionzi. Anayetibiwa nyonga huweza kuharisha, na hedhi au uzazi wake huweza kuathirika. Hilo na alizungumze na daktari, yeye na mumewe, kabla ya kikao cha kwanza.

Uchovu nao huja polepole na kuzidi majuma yanavyosonga. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mama amechoka, ngozi imebadilika, nauli imekwisha, na jirani ananong'ona kwamba tiba yenyewe ndiyo inayomwua. Wapo wanaoacha katikati. Kukatiza vikao huipunguzia tiba nguvu na kuupa ugonjwa nafasi ya kurudi. Kombe, ruqya na dua viendelee, lakini visichukue mahali pa kikao. Na dawa yoyote ya kunywa, hata ya mitishamba, ionyeshwe daktari kwanza.

Mtazamo mwema ni upi?

Baadhi yetu humkataza mgonjwa kulia, tukidhani machozi ni kukata tamaa. Nabii Yaaqub alimlilia mwanawe mpaka macho yakaingia weupe, na bado ni mfano wa subira. Tabasamu peke yake haliponyi saratani, wala mgonjwa ambaye hali yake inazidi asilaumiwe kwamba hakuwa na matumaini ya kutosha. Mtazamo mwema ni kuamka siku ya kumi na sita, hata kwa machozi, na kwenda hospitali.

Mzigo huo haubebwi na mtu mmoja. Familia ya Lamu au Tana River huenda ikahitaji majuma kadhaa mbali na nyumbani. Jamaa wa mjini na wafungue mlango. Mume au kaka aulize mapema bima ya SHA inalipa kiasi gani. Dada na mashemeji wagawane siku za kupika na kuwapeleka watoto madrasa. Mgeni anayekuja kumjulia hali aje na uji au supu, akae kidogo, na hadithi za waliokufa aziache mlangoni.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa, na awape wanaowauguza nguvu na ujira mwema. Amin.