Kabla ya kuvusha chai, ionje kwa maji ya mteja

Mchuuzi wa chai mara nyingi hupotezea mtaji wake mahali pasipomshtua: kwenye kikombe anachokaribishwa na yule anayemuuzia. Kikombe hicho kina maziwa, kina tangawizi, kina vijiko vitatu vya sukari, na kimepikwa na mtu anayeyajua majani yake na maji yake. Kwa mapishi hayo karibu chai yoyote hupita. Wiki moja baadaye magunia yameshavuka Busia au Mutukula, mteja wa upande wa pili amechemsha birika lake, na simu inaanza kuita. Rangi haitoki. Au imetoka nyeusi, imefifia. Au chai inanuka sabuni.

Hasara ya aina hiyo haizuiwi na karatasi za mpakani. Huzuiwa jikoni kwa mnunuzi, kabla fedha hazijatoka mfukoni, kwa mizani, saa na vikombe vinne.

Wapo watu ambao kazi yao ni kuonja. Mnada wa Mombasa huuza chai ya Kenya pamoja na ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine za Afrika, na bei hutajwa kwa dola. Kabla ya kutaja bei, waonjaji hupita kwenye safu za vikombe wakivuta chai kwa kishindo, wakiizungusha mdomoni na kuitema. Ulimi wao umezoea, ni kweli, lakini nguvu yao kubwa iko kwenye maandalizi: kila kikombe kimetendewa sawa na mwenzake. Ipo hata kanuni ya kimataifa ya kuandaa chai ya kuonja, ISO 3103, iliyotolewa mwaka 1980. Inataka gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyotoka kuchemka, chombo kifunikwe, dakika 6 zipite, kisha chai ichujwe. Wengi wangeiona chai hiyo kali mno kwa kunywa, lakini haikukusudiwa kunywewa na maandazi. Imekusudiwa ioneshe ubaya wa majani, ikiwa upo.

Nyumbani jambo la kwanza ni kuweka kijiko pembeni. Kijiko cha chai ya vumbi kina uzito kuliko kijiko cha majani makubwa, kwa hiyo anayepima kwa kijiko analinganisha vitu visivyolingana na kuisifu ile aliyoitia kwa wingi. Asiye na mizani ndogo aombe dukani apimiwe gramu 100 barabara, kisha azigawe mafungu mawili yaliyo sawa, fungu moja aligawe tena mara mbili, na tena, na tena. Baada ya kugawa mara nne hubaki gramu 6 na kidogo. Kiasi hicho kinatosha maji ya chupa moja ya soda ya mililita 300. Kila chai ipewe chombo chake cha aina moja, maji yatoke kwenye sufuria moja, na saa ya simu ihesabu dakika 6.

Vikombe viwe vinne hata kama chai zinazoshindanishwa ni tatu. Moja kati ya hizo iwekwe mara mbili, na namba zibandikwe chini ya vikombe ili waonjaji wasijue kipi ni kipi. Waonjaji ni walewale wa nyumbani: mke au mume, mama mkwe, jirani anayependa kusema ukweli. Wakivipa vikombe viwili vya chai ileile hukumu mbili tofauti, basi siku hiyo ndimi hazisemi kitu cha kutegemewa. Inafaa zoezi lirudiwe asubuhi, kabla watu hawajala vitunguu.

Sukari na maziwa vikae mbali mwanzoni. Cha kutazama kwanza ni rangi: chai nzuri nyeusi hung'aa, ina wekundu au udhahabu unaoonekana ukiinua kikombe kwenye mwanga. Iliyofifia na kuwa kahawia isiyo na uhai huenda ilikosewa kiwandani au imekaa ghalani muda mrefu. Ulimini, mnunuzi atenganishe ukakasi na uchungu. Ukakasi ni kule kukauka kwa ulimi na ufizi, kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Kiasi chake ndicho kinachoipa chai uchangamfu. Uchungu mtupu usio na ukakasi ni habari nyingine, na si nzuri. Kisha machicha yaliyobaki kwenye chujio yatazamwe yakiwa bado na joto. Yakiwa na rangi ya shaba inayong'aa ni dalili njema. Yakiwa meusi na yamefifia ni onyo.

Kuna dalili moja inayowadanganya wengi. Chai kali na nzuri ikiachwa ipoe hufanya ukungu, kana kwamba mtu ameidondoshea maziwa kidogo. Wengine huimwaga wakidhani ni uchafu au rangi ya kuchanganya. Ukungu huo hutokana na vitu vinavyoipa chai nguvu vikishikana na kafeini wakati joto linaposhuka, nao hutoweka chai ikipashwa.

Baada ya hapo maziwa yaingie, kiasi kilekile kila kikombe. Hapa ndipo chai dhaifu hujulikana haraka. Nzuri hugeuka kuwa ya dhahabu au nyekundu ya kupendeza. Dhaifu hugeuka kijivu.

Gredi nazo zimewaponza watu. Herufi zinazoandikwa kwenye magunia ya chai ya CTC, ile ya punje punje inayotengenezwa zaidi katika ukanda huu, kama BP1, PF1, PD na D1, kwanza husema ukubwa wa punje. BP1 ni punje kubwa, PF1 ndogo kidogo, D1 ni vumbi. Mtu anaweza kupata PF1 ya kiwanda kizuri inayoishinda BP1 ya kiwanda kingine kwa kila kipimo. Punje ndogo hutoa rangi haraka, na kwa kibanda kinachopika chai na maziwa katika sufuria moja tangu alfajiri, haraka hiyo ni faida. Kumpelekea mwenye kibanda BP1 ya bei kubwa kwa sababu tu jina lake lina sifa ni kumfurahisha aliyeiuza. Zipo pia gredi za pili, zenye nyuzinyuzi na vijiti vingi. Hizo huonekana kwa macho majani yakimwagwa kwenye karatasi nyeupe.

Karatasi hiyohiyo ifanye kazi nyingine mbili. Sumaku ipitishwe juu ya majani, kwa kuwa mashine za kusaga zikilika huacha chembe za chuma ambazo kiwanda makini huziondoa. Kisha punje chache zitawanywe juu ya karatasi ya chujio iliyoloweshwa maji baridi. Chai halisi nayo hutoa rangi, ila polepole. Rangi ikitapakaa papo hapo kama wino, kuna sababu ya kushuku kwamba majani yamepakwa.

Yote haya, hata hivyo, hayajibu swali la mteja. Chai iliyoshinda Kericho inaweza kushindwa Mombasa bila yeyote kudanganya, kwa sababu maji si yaleyale. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo: Dar es Salaam na Mombasa huchemka karibu nyuzi 100, Kigali na Nairobi ni kama 95 au 94, Kabale karibu 93. Majani ya taratibu yanayotoa rangi ya kutosha pwani huenda yakalegea kidogo Kabale. Kinachozidi joto ni chokaa. Visima vya pwani vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe hutoa maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Maji hayo huifanya chai iwe nyeusi, huiondolea mng'ao na kuiwekea utando juu. Chai laini yenye harufu ya kupendeza, iliyosifiwa kwa maji ya mlimani, humo hupotea kabisa.

Dawa yake ni rahisi, na inashangaza kwamba wachache huitumia. Mfanyabiashara anayerudi kutoka sokoni kwake arudi na dumu la lita tano la maji anayotumia mteja. Kwa maji hayo ndipo mashindano ya mwisho yafanyike, tena kwa mapishi ya huko: maziwa yachemshwe pamoja na majani kama soko ni Nairobi au Kampala, iliki na mdalasini kama ni Zanzibar, bila chochote kama wateja ni wanywaji wa chai ya rangi. Hao wa mwisho ndio wagumu. Viungo hufunika makosa mengi, maziwa hufunika baadhi, chai ya rangi haifuniki kitu.

Kuhusu mpaka wenyewe, mzigo wa chai iliyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki usiozidi thamani ya dola 2,000 unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa palepale mpakani. Kinaondoa ushuru wa forodha, hakiondoi kodi nyingine wala masharti ya ubora, na chai iliyofungwa kwenye pakiti hutakiwa kuwa na alama ya shirika la viwango.

Njiani adui ni harufu na unyevu. Majani makavu hunyonya kila kinachonukia karibu yao: dagaa, vitunguu, mafuta ya taa, sabuni ya mche. Lori lililobeba dagaa jana halifai kubeba chai leo, hata likioshwa. Punje kavu huvunjika kwa kubanwa kati ya vidole. Zinazokunjika bila kuvunjika zimeshaingia unyevu.

Kwa hiyo sampuli iliyoshinda isinywewe ikaisha. Gramu 100 zake zihifadhiwe kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, mahali pa giza, zikiwa na tarehe, jina la kiwanda na gredi. Mzigo ukifika, mnunuzi achote kutoka gunia la juu, la katikati na la chini, apike kwa kipimo kilekile na kuweka vikombe kando ya kile cha sampuli, kabla ya kulipa fedha iliyobaki.