Weusi wa Vigae na Maji ya Simtanki

Kwa vizazi vingi Wagogo wamejenga tembe, nyumba ya paa bapa: magogo na fito hulazwa juu ya nguzo, zikatandikwa nyasi, kisha udongo. Paa la namna hiyo lilikaguliwa kila mwaka kabla ya mvua, na palipopasuka pakazibwa. Baadaye likaja bati, ambalo mtu huligongomea misumari na kulisahau miaka na miaka. Sasa, tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016 na mji kutangazwa jiji Aprili 26, 2018, mitaa kama Ilazo, Kisasa na Iyumbu imejaa nyumba za vigae vya rangi. Mwenye nyumba aliyelipia uzuri huo hushtuka akiona michirizi myeusi ikishuka kutoka kwenye kofia ya paa.

Michirizi ya aina hiyo inajulikana sana Marekani, ambako nyumba nyingi huezekwa vigae vya lami. Huko chanzo chake kikuu ni kiumbe mdogo mno aitwaye Gloeocapsa magma. Watu humwita mwani, ingawa wanasayansi humweka katika kundi la bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua. Weusi wake ni ngozi ya kujikinga na jua kali, na hustawi kwa unyevu pamoja na vumbi la chokaa linalochanganywa kwenye lami.

Dodoma mambo ni tofauti. Mvua ya mwaka ni wastani wa milimita 570 hivi, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua na upepo wa vumbi. Vigae vingi vya hapa navyo si vya lami, bali ni bati lililopakwa aluminiamu na zinki, juu yake zikagandishwa chembechembe za mawe. Kwa hiyo kabla ya kulaumu mwani, fundi apande na kitambaa chenye maji, asugue. Kikitoka chekundu na kigae kikarudia rangi yake, hilo ni vumbi tu. Weusi ukibaki, tena unateleza ukilowa, hapo kuna kiumbe hai.

Na kiumbe huyo atakutwa palipo na unyevu usiokauka upesi: chini ya mwarobaini unaodondosha majani, kwenye kivuli cha mnara wa tanki, au pale bomba la tanki linapofurika. Maelekezo ya Wamarekani husema tazama upande wa kaskazini. Kwao ni sahihi, maana jua lao hupita kusini mwaka mzima. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Wakati wa mvua jua liko karibu na utosi, na pande zote mbili za paa hulipata. Hapa kinacholeta mwani ni kivuli cha mti au ukuta kuliko dira.

Mabati ya zamani yasiyo na rangi hayasumbuliwi sana na mwani. Mvua huondoa zinki kidogo kidogo kwenye bati, na zinki ni sumu kwa mwani. Shaba nayo ni hivyo hivyo. Wakulima wa mizabibu Ufaransa waliinyunyiza kuzuia ukungu tangu miaka ya 1880, na viwanda vya Marekani huichanganya kwenye vigae vya lami. Lakini asiwepo fundi wa kufunga ukanda wa shaba juu ya vigae vya bati, kwa sababu maji yanayotoka kwenye shaba hula zinki na aluminiamu, na kutu hufuata.

Jiki je? Chama cha watengenezaji wa vigae vya lami Marekani hupendekeza jiki na maji nusu kwa nusu, dawa ikae dakika 15 hadi 20, kisha isuuzwe bila presha. Kuiga dozi hiyo Dodoma ni kosa. Klorini kali hushambulia bati palipokwanguka na kwenye vichwa vya misumari. Zaidi ya hapo, paa la hapa ni chanzo cha maji. Jiji linategemea sana visima vya Mzakwe, na vijijini wengi huchota maji ya chumvi. Paa la meta 10 kwa 10, kwa mvua ya milimita 570, hata moja ya tano ikipotea, huvuna lita 45,000 na zaidi. Hizo ni ndoo za lita 20 zaidi ya 2,200. Maji hayo yanakwenda kupikiwa ugali, na chochote kinachopakwa juu kitafika jikoni.

Wakati mzuri wa kuosha ni Oktoba au Novemba, asubuhi, vigae vikiwa bado baridi. Kwanza bomba la kushukia lichomolewe kwenye simtanki. Kisha brashi laini, maji na sabuni kidogo, kuanzia kwenye kofia kushuka. Maji yakirushwa kwenda juu hupenya chini ya vigae na kulowesha dari. Mashine ya presha ya kuoshea magari ibaki huko huko kwenye magari, maana hung'oa chembechembe za mawe na kuacha bati wazi. Anayepanda avae viatu vya mpira na awe na mwenzake wa kushika ngazi. Matawi ya mwarobaini yaliyoinamia paa yakatwe siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo gata lisafishwe, tope lililotuama ndani ya simtanki litolewe, na mvua ya kwanza iachwe imwagike chini. Kwa paa la ukubwa huo, lita 200 za mwanzo zinatosha kubeba vumbi, kinyesi cha ndege na mabaki ya sabuni. Bomba hurudishwa maji yakishaanza kutoka meupe.