Bunge la Uingereza na Usimamizi wa Mpango wa Upimaji na Ufuatiliaji wa UVIKO-19, 2020–2021

1.0 Utangulizi

Usimamizi wa Bunge juu ya Serikali ni miongoni mwa nguzo za utawala wa kidemokrasia. Nguzo hiyo hutikisika wakati wa dharura, kwa sababu Serikali hulazimika kuamua kwa haraka ilhali Bunge huhitaji muda wa kuhoji. Janga la UVIKO-19 lilidhihirisha mvutano huo katika nchi nyingi. Makala hii inafafanua namna Bunge la Uingereza lilivyousimamia mpango wa kupima virusi na kuwafuatilia watu waliokutana na wagonjwa katika England, kati ya mwaka 2020 na 2021. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya Bunge haikutegemea mamlaka yake ya kikanuni pekee, bali ilitegemea pia aina ya takwimu zilizowekwa mbele yake. Aliyechagua kinachohesabiwa ndiye aliyeamua, kwa kiasi kikubwa, kinachoweza kuhojiwa.

2.0 Mantiki ya Upimaji na Ufuatiliaji

Lengo la upimaji na ufuatiliaji ni kukata mnyororo wa maambukizi. Mgonjwa anapogunduliwa, huulizwa alikutana na nani; waliotajwa hutafutwa; kisha hutakiwa kujitenga kabla hawajawaambukiza wengine. Kila hatua hutegemea iliyotangulia. Kwa mfano, iwapo asilimia 80 ya wagonjwa watagunduliwa, asilimia 80 ya waliokutana nao wakapatikana, na asilimia 80 ya hao wakajitenga, basi ni takribani asilimia 51 tu ya maambukizi yanayolengwa ndiyo yatakayofikiwa. Upungufu mdogo katika kila hatua huzaa upungufu mkubwa mwishoni.

Muda nao ni kigezo cha msingi. SAGE, jopo la wanasayansi lililoishauri Serikali ya Uingereza, lilieleza mwezi Mei 2020 kwamba ili mfumo ufanye kazi ipasavyo, angalau asilimia 80 ya waliokutana na mgonjwa wanapaswa kujitenga ndani ya saa 48. Hivyo basi, idadi ya vipimo peke yake haitoshi kuonyesha mafanikio. Kipimo ambacho majibu yake yanachelewa kinaweza kuhesabiwa katika takwimu bila kuwa kimezuia maambukizi yoyote.

3.0 Vyombo vya Usimamizi

Bunge la Uingereza lilitumia zaidi kamati zake. Kamati ya Hesabu za Serikali, iliyoanzishwa mwaka 1861, huongozwa na mbunge wa upinzani na hufanya kazi kwa kutegemea ripoti za Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Kamati hiyo haijadili ubora wa sera. Huchunguza iwapo fedha zilitumika kwa uangalifu na kwa tija. Sambamba nayo zilikuwapo Kamati ya Sayansi na Teknolojia, Kamati ya Afya na Huduma za Jamii, na Kamati ya Pamoja ya Haki za Binadamu.

Kamati hizo zina uwezo wa kuita mashahidi, kudai nyaraka na kutoa mapendekezo. Hata hivyo, hazina uwezo wa kuilazimisha Serikali kubadili sera. Kwa kawaida Serikali hutarajiwa kujibu ripoti ya kamati ndani ya miezi 2. Katika janga ambalo idadi ya wagonjwa inaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache, miezi 2 ni muda mrefu.

4.0 Awamu ya Kwanza: Idadi ya Vipimo

Tarehe 12 Machi 2020 Serikali ilisitisha upimaji na ufuatiliaji katika jamii, na uwezo mdogo uliokuwapo ukaelekezwa zaidi hospitalini. Mwezi Mei, Kamati ya Sayansi na Teknolojia iliyoongozwa na Greg Clark ilimwandikia Waziri Mkuu barua iliyobainisha kwamba uwezo wa kupima ulikuwa hautoshi katika kipindi cha mwanzo. Kwa maoni ya kamati hiyo, uhaba wa vipimo ndio uliokuwa umeongoza sera, badala ya sera kuamua idadi ya vipimo vilivyohitajika.

Kabla ya hapo, Waziri wa Afya, Matt Hancock, alikuwa ametangaza lengo la kufikia vipimo 100,000 kwa siku ifikapo mwisho wa Aprili. Tarehe 1 Mei alitangaza kwamba lengo limevukwa, akitaja vipimo 122,347. Ndani ya idadi hiyo kulikuwa na takribani vifaa 40,000 vilivyokuwa vimetumwa kwa watu, bila kujulikana kama vimetumika. Mwenyekiti wa Mamlaka ya Takwimu ya Uingereza, David Norgrove, alimwandikia Waziri akikosoa namna takwimu hizo zilivyowasilishwa. Katika barua yake ya Juni 2020 alieleza kwamba ilionekana kana kwamba dhamira ilikuwa kuonyesha idadi kubwa kadiri iwezekanavyo, hata kama uelewa ungeathirika.

Tukio hili lina uzito kwa mtafiti wa masuala ya Bunge. Mbunge aliyesimama kuuliza swali katika kipindi hicho alipewa jibu la idadi, na idadi hiyo haikuweza kumwonyesha ni watu wangapi waliopimwa, wala ni baada ya muda gani walipata majibu.

5.0 Awamu ya Pili: Muda na Ufikiwaji

Mpango wa kitaifa ulioitwa NHS Test and Trace ulizinduliwa tarehe 28 Mei 2020 chini ya uongozi wa Dido Harding. Mapema Juni, Waziri Mkuu Boris Johnson aliahidi Bungeni kwamba hadi mwisho wa mwezi huo majibu yote, isipokuwa ya vipimo vya posta na vile vilivyokabiliwa na vikwazo vya kipekee, yangepatikana ndani ya saa 24. Ahadi hiyo iliwapa wabunge kigezo cha kupimia utekelezaji.

Ripoti ya awali ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Desemba 2020 ilionyesha kwamba majibu ya vipimo vya ana kwa ana yaliyotolewa ndani ya saa 24 yalishuka kutoka asilimia 93 mwezi Juni hadi asilimia 14 katikati ya Oktoba, kisha yakapanda hadi asilimia 38 mapema Novemba. Kati ya waliotajwa kukutana na wagonjwa, takribani wawili katika kila watatu ndio waliofikiwa. Kuhusu kujitenga, tafiti zilizonukuliwa katika ripoti hiyo zilitoa makadirio ya kati ya asilimia 10 na 59 ya watu waliotii kikamilifu. Mnyororo ulikuwa umelegea katika kila pingili.

Udhaifu wa takwimu ulijitokeza pia mapema Oktoba 2020, ilipobainika kwamba wagonjwa 15,841 waliogunduliwa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 walikuwa wameachwa nje ya takwimu kutokana na kikomo cha ukubwa wa faili la Excel. Waziri alilieleza Bunge suala hilo tarehe 5 Oktoba. Athari yake haikuishia kwenye jedwali: waliokutana na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa katika kipindi ambacho maambukizi yalikuwa yakipanda.

6.0 Awamu ya Tatu: Fedha na Matokeo

Mpango ulitengewa takribani pauni bilioni 22 kwa mwaka wa fedha 2020/21, na jumla ya pauni bilioni 37 kwa miaka 2. Ni muhimu kutofautisha bajeti na matumizi. Katika mijadala mingi pauni bilioni 37 zilitajwa kana kwamba zilikwisha kutumika, ilhali matumizi ya mwaka wa kwanza yalikuwa takribani pauni bilioni 13.5. Sehemu kubwa zaidi ya fedha ilikwenda kwenye upimaji, si kwenye ufuatiliaji.

Katika ripoti yake ya Machi 2021, Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya Meg Hillier, ilikiri kwamba uwezo wa kupima uliongezeka kutoka takribani vipimo 100,000 kwa siku mwezi Mei 2020 hadi zaidi ya 800,000 mwezi Januari 2021. Pamoja na hayo, kamati haikupata ushahidi ulio wazi wa kupima mchango wa mpango katika kupunguza maambukizi. Vilevile ilikosoa utegemezi wa washauri elekezi: mapema Februari 2021 walikuwapo takribani 2,500, kwa malipo ya wastani wa pauni 1,100 kwa siku, na mmoja alilipwa hadi pauni 6,624 kwa siku.

Ripoti ya pili ya Oktoba 2021 ilihitimisha kwamba mpango haukufikia lengo lake kuu la kusaidia kukata mnyororo wa maambukizi. Mwezi huohuo, Kamati ya Afya na Kamati ya Sayansi zilitoa ripoti ya pamoja iliyouita uamuzi wa Machi 2020 wa kuacha upimaji katika jamii kuwa kosa kubwa.

7.0 Faragha na Utungaji wa Sheria

Ufuatiliaji hukusanya taarifa nyeti: nani alikutana na nani, wapi na lini. Mei 2020 Kamati ya Pamoja ya Haki za Binadamu, iliyoongozwa na Harriet Harman, ilipendekeza sheria mahususi ya kulinda taarifa za programu ya simu ya ufuatiliaji. Serikali ilikataa, ikidai kwamba sheria zilizokuwapo zilitosha. Mwezi Julai, Serikali ilikiri kwamba mpango mzima ulikuwa umeanza bila tathmini ya athari kwa ulinzi wa taarifa binafsi, ambayo sheria iliitaka. Hapa onyo la kamati lilitangulia, lakini halikuwa na nguvu ya kuzuia.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaonyesha mambo matatu. Kwanza, takwimu za uwezo zilitangulia, zikafuatiwa na za muda, na ushahidi wa matokeo ukakosekana hadi mwisho. Usimamizi wa Bunge ulifuata mpangilio huohuo. Pili, vyombo huru vya ukaguzi na takwimu ndivyo vilivyoipa hoja ya wabunge uzito. Tatu, hukumu kali zaidi zilitolewa baada ya fedha kutumika na maambukizi kutokea, hivyo zilikuwa na manufaa zaidi kwa janga lijalo kuliko kwa lile lililokuwapo.

Mabunge ya Tanzania na Kenya nayo yana Kamati za Hesabu zinazotegemea kazi ya Mkaguzi Mkuu, muundo wenye asili ya Westminster. Kwa mabunge ya namna hiyo, fundisho ni kwamba kigezo cha matokeo kinapaswa kudaiwa siku fedha zinapoidhinishwa. Kamati inayosubiri hesabu zifungwe itajua kilichopotea, lakini haitakuwa tena na nafasi ya kukiokoa.