MWALIMU NI SHAHIDI

Sifa ya kijana haiwi ushahidi mpaka itolewe na mtu aliyemwona akifanya kazi. Jambo hili hudhihirika katika Chuo cha Wanamaji cha Marekani, kilichoanzishwa Annapolis mwaka 1845. Pamoja na alama za mitihani, na uteuzi ambao vijana wengi huupata kwa Wabunge na Maseneta, mwombaji hutakiwa kutathminiwa na walimu wake wa hisabati na wa Kiingereza.

Masomo hayo hayakuokotwa tu. Afisa wa meli hana budi kukadiria majira na masafa pasipo kukosea, na amri yake ikiwa na utata, watu huweza kuangamia.

Basi ni mwalimu gani achaguliwe? Wapo vijana wanaomkimbilia aliyewapa alama kubwa kabisa, au mwenye jina, au rafiki wa wazazi. Huko ni kupotea njia. Anayefaa ni yule aliyemfundisha kijana katika miaka ya mwisho ya sekondari, aliyemwona akishindwa na hesabu leo na kuirudia kesho, akakosolewa insha yake asinune, akamsaidia mwenziwe bila ya kutumwa. Mwalimu asiyemjua ataandika kwamba ni mtiifu na mwenye bidii. Maneno hayo ni kanzu ya kuazima, humwenea kila mtu. Aidha, aombwe mapema; shahidi aliyeharakishwa husahau mengi.

Mwalimu naye ana wajibu wake. Ikiwa hawezi kumshuhudia kijana kwa wema, amwambie waziwazi angali ana muda wa kutafuta mwingine. Kuandika uongo kwa huruma si huruma. Mhitimu wa chuo hicho hulazimika kutumikia jeshi kwa muda usiopungua miaka mitano, na roho za watu huwa mikononi mwake. Deni la uongo ule watalilipa wao, si mwalimu.

Sisi watu wa visiwani hatumkabidhi mtu chombo kwa kuwa baba yake alikuwa nahodha. Inafaa, basi, viongozi wetu wanaopokea barua za sifa kila siku, za kazi na za masomo, waache kutazama kwanza cheo cha mwandishi. Waulize: huyu aliyeandika, ameona nini kwa macho yake?