Vitamini D, vinasaba na moyo: vidonge au kipimo cha presha? (Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi ngozi inavyotengeneza vitamini D kwa mwanga wa jua, kisha ini na figo zikaigeuza kuwa homoni. Leo tuifuate homoni hiyo hadi kwenye moyo.

Homoni hii haifanyi kazi peke yake. Ndani ya seli za figo, mishipa na moyo imo protini inayoipokea, na jeni ya protini hiyo iko kwenye kromosomu ya 12. Viwili hivyo vikishikana, jeni nyingine huwaka au huzimika. Mojawapo ya zinazopunguzwa kasi ni ya renini, kimeng'enya cha figo kinachochochea mishipa kubana na mwili kubakiza chumvi. Tazama mitambo ya maji ya Ruvu Juu pale Mlandizi: pampu zikisukuma bila mtu kwenye valvu, mabomba ndiyo yanayopasuka. Mwaka 2002 Yan Chun Li na wenzake, huko Chicago, waliwachunguza panya wasio na kipokezi hicho. Renini ilipanda, presha ikapanda, misuli ya moyo ikanenepa.

Binadamu nao hawana kipokezi cha aina moja. Badiliko la herufi moja ya kinasaba, liitwalo FokI, huwafanya wengine wajenge protini ya asidi amino 427 na wengine 424. Ile fupi ndiyo yenye nguvu zaidi, na ndiyo iliyoenea zaidi kwa Waafrika. Ukifika hapa ni rahisi kudhani tayari tunajua nani atapata kiharusi. Mimi nakataa haraka hiyo.

Tafiti za vinasaba vya mamia ya maelfu ya watu, wengi wao wa asili ya Ulaya, zinaonyesha kwamba kwa jumla waliorithi vitamini D kidogo hawaugui moyo kuliko wenzao. Vidonge navyo vimejaribiwa. Marekani, watu 25,871 walishiriki utafiti wa VITAL. Matokeo ya 2018 yalionyesha kuwa uniti 2,000 kwa siku hazikupunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Dar es Salaam, watu wazima 4,000 wanaoishi na VVU, wenye vitamini D ya chini, walishiriki jaribio lililochapishwa 2020, na vifo havikupungua. Mara nyingi upungufu ni dalili tu: mgonjwa hukaa ndani, na mnene huwa na kiwango kidogo kwenye damu.

Isitoshe, jua letu halina msimu wa kukosekana. Mwaka 2012 watafiti waliwapima Wamasai na Wahadzabe, wakakuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya 50 ambayo wataalamu wengi huiona inatosha. Mkulima wa korosho wa Kisarawe anashinda kwenye jua hilohilo. Karani wa Kibaha anayeingia ofisini alfajiri na kutoka jioni, huyo ana hoja.

Kinachonisumbua ni presha. Utafiti wa kitaifa wa 2012 uliikuta kwa takriban robo ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64, na wengi hawakuwa wakijua. Mama wa Kongowe au mzee wa Maneromango aliyetenga fedha za vidonge vya vitamini D kwa ajili ya moyo, aanze zahanati, afungwe kipimo mkononi, kisha apunguze chumvi.

Wiki ijayo: matege kwa watoto, ambako vitamini D haina mbadala.

Itaendelea.