Mwaka wa Kasha, Mwaka wa Jani

Pindua kasha la siga za Kuba utazame kitako chake. Utakuta maneno yaliyochomwa kwenye ubao: Hecho en Cuba, Totalmente a mano, yaani zimetengenezwa Kuba, kwa mkono kabisa. Pembeni pana mhuri wa herufi za siri za kiwanda, na chini yake mwezi na mwaka. Wapenzi wa siga huushika mwaka huo kama wanywaji wa divai washikavyo mwaka wa zabibu, kisha hubishana usiku kucha: za 1998 na za 2008, zipi bora? Za 2001 mbona zinasemwa vibaya? Mimi kazi yangu ni kuteua jani la tumbaku, na kila nikisikia ubishi huo hutamani kuwakumbusha jambo moja: mwaka ule ni wa kufungwa kwa kasha. Jani lilivunwa kabla ya hapo, na wala si la mvuno mmoja.

Siga ina majani ya namna tatu. Moyoni mna majani ya kujazia, ambayo Wakuba huyaita tripa. Yanashikwa pamoja na jani la kufungia, capote. Nje huviringishwa capa, jani jembamba lisilo na doa. Capa hukuzwa chini ya vitambaa vinavyopunguza ukali wa jua. Ya moyoni hukua juani. Yakivunwa yote hutundikwa kwenye bani yakauke kwa hewa, siku 50 hivi. Msomaji wa Urambo aliyezoea bani la moto wa kuni ajue kwamba kule Pinar del Río, magharibi mwa Kuba, mkulima hukaa akifungua na kufunga milango kwa kufuata unyevu wa siku, na kazi hiyo haina mapumziko. Baada ya hapo majani hulundikwa na kuvundikwa, joto likapanda, amonia ikatoka.

Hapo ndipo miaka inapochanganyika. Majani ya chini ya mche, volado, huwaka kwa wepesi, na hukaa ghalani kama miezi 9. Ya katikati, seco, yabebayo harufu, hukaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Ya juu, ligero, yamekula jua zaidi. Ni mazito na makali, na hungoja miaka 2 au zaidi. Kiwandani hukutana ndani ya siga moja. Kwa hiyo siga ya mwishoni mwa 2001 yaweza kuwa na ligero ya 1999 moyoni na capa changa zaidi nje. Tena kazi ya mchanganyaji ni kuhakikisha Montecristo No. 4 ya mwaka huu inafanana na ya mwaka jana. Msimu mbaya akiupata, huuficha ndani ya msimu mzuri.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu vimbunga. Gustav alipiga Pinar del Río tarehe 30 Agosti 2008. Ian akafuata tarehe 27 Septemba 2022. Lakini tumbaku ya huko hupandikizwa kuanzia Oktoba na kuvunwa mwanzoni mwa mwaka, wakati wa kiangazi. Kimbunga cha Septemba hulikuta shamba halina kitu. Kinachoanguka ni bani, na Ian aliangusha mabani kwa maelfu. Mkulima mwenye miche mizuri na asiye na pa kutundika atapanda kidogo tu. Ndiyo maana kimbunga huonekana zaidi katika uchache na bei kuliko katika ladha. Mimi huogopa zaidi mvua ndefu ya Januari, ile isiyotangazwa popote, inayoliosha jani shambani likapoteza mafuta yake.

Ugonjwa nao ni habari nyingine. Msimu wa 1979 na 1980 ukungu wa buluu uliteketeza sehemu kubwa sana ya tumbaku ya Kuba. Balaa hilo lilizidisha haja ya mbegu zinazostahimili ugonjwa, na nadhani historia ya ladha ya siga hizi katika miaka 40 iliyopita ni historia ya mbegu kuliko ya hali ya hewa. Kwa miongo kadhaa capa ilitoka kwenye mche uitwao Corojo, uliopewa jina la shamba la El Corojo. Jani lake lilikuwa la mafuta na harufu nzuri, ila ukungu uliupenda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukawekwa kando, nafasi yake ikachukuliwa na Habana 2000. Mbegu hii ilihimili ugonjwa, lakini jani lilikuwa nene na gumu kuwaka. Wavutaji walilalamika kwamba siga zinawaka upande mmoja au zinazimika mkononi, nao walikuwa na haki. Baadaye zikaja Criollo 98 na Corojo 99, na malalamiko yakapungua.

Wakati shamba linabadilisha mbegu, kiwanda nacho kilikuwa matatani. Umoja wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991, na Kuba ikakosa mbolea na mafuta. Mwaka 1994 ikaundwa kampuni ya Habanos kuuza siga hizi duniani. Katikati ya muongo huo mapenzi ya siga yakalipuka ulimwenguni, na kisiwa chenye njaa ya fedha za kigeni kikaamua kuongeza uzalishaji haraka. Viwanda vipya vikafunguliwa, wasokotaji wapya wakaketi mezani kabla vidole havijaiva.

Kusokota si kujaza. Kila jani la moyoni hukunjwa kama feni ya karatasi ili hewa ipate njia toka mguu, upande unaowashwa, hadi kichwa, upande wa mdomo. Mkono mchanga hulikaza au hulipindisha, na njia hiyo hufa. Siga ya namna hiyo ni nzuri kwa macho, ila ukiivuta ni kama kunyonya ukuta. Siga nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2001 hivi zina kasoro hiyo, na jua la mwaka ule halihusiki nayo hata kidogo. Dawa ilikuja na mashine ndogo za kupima mvuto: fungu la ndani hupimwa kabla ya kuviringishiwa capa, na likiziba hufunguliwa likafungwa upya. Mimi husikitika sana kuona jani lililolelewa miaka mitatu likipotea kwa dakika tano za haraka.

Basi mtu akitaka kulinganisha miaka, achukue chapa moja na saizi moja, zilizotunzwa pamoja katika unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Hata hivyo uzee utamvuruga. Siga mpya bado inavunda ndani ya kasha na hunuka amonia. Ikikaa, ukali na ukakasi wa tanini hupoa. Anayesema za 1998 zimewapita wadogo zao wa 2018 huenda anaonja miaka 20 ya kabati, wala si 1998. Nasema ladha tu. Kwa afya, moshi wa siga kongwe una sumu ileile ya saratani iliyomo katika moshi wa siga mpya.

Pako mahali pamoja ambapo mwaka wa shamba huandikwa wazi: siga za Reserva na Gran Reserva, zenye neno Cosecha, yaani mavuno. Majani yake yote hukaa ghalani angalau miaka 3 kwa Reserva na 5 kwa Gran Reserva. Cohiba Siglo VI ya Cosecha 2003, Montecristo No. 2 ya Cosecha 2005 na Partagás Lusitanias ya Cosecha 2007 zinazungumza juu ya msimu mmoja. Bahati mbaya chapa na saizi zinatofautiana, kwa hiyo bado hazilinganishiki moja kwa moja.

Kwa makasha mengine inabidi mtu asome na kupiga hesabu. Tangu mwaka 2000 mwezi huandikwa kwa herufi tatu za Kihispania, ENE kwa Januari, AGO kwa Agosti. Kabla ya hapo, kuanzia 1985, ilitumika siri ya maneno NIVEL ACUSO: N ni 1, I ni 2, na kuendelea hadi O, ambayo ni 0. Kasha lenye OASC ni la 0697, Juni 1997. Ligero iliyomo huenda ilivunwa 1995 au kabla, katika shamba lililokosa mbolea. Capa yake yaweza kuwa miongoni mwa Corojo za mwisho. Na mkono ulioifunga, ama ni wa mzee aliyesokota miaka 30, ama wa kijana aliyeajiriwa mwaka uleule. Hilo la mwisho hakuna mhuri unaolisema. Ishike siga kwa vidole viwili, uibonyeze taratibu toka mguu hadi kichwa, usikilize kama pana mahali pagumu.