Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni: Kwa nini kulala tu kitandani hakusaidii

Yanaanzia kiunoni, yanapita kwenye tako, yanashuka nyuma ya paja hadi kwenye kigimbi, na mara nyingine yanafika mpaka kwenye vidole. Wengine wanasema ni kama shoti ya umeme, wengine kama mguu umepakwa pilipili kwa ndani. Ukipiga chafya unaona nyota. Kukaa kwenye daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo ni adhabu.

Mtaani maumivu haya yana majina mengi. Mwanaume akilalamika ataambiwa ni ngiri, mzee ataambiwa ni baridi, na hakosekani wa kusema kuna mkono wa mtu. Hospitali wanayaita sayatika, kwa jina la mshipa wa fahamu unaoumia.

Mshipa huo ndio mnene kuliko mishipa yote ya fahamu mwilini. Mizizi yake inatoka kwenye pingili za chini za mgongo, inaungana, inapita ndani ya tako na kushuka nyuma ya paja. Ndiyo maana tatizo liko kiunoni lakini unaolia ni mguu. Unaweza kuuchua mguu huo kwa dawa mpaka ngozi ibabuke, chanzo hujakigusa.

Chanzo mara nyingi ni diski. Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo: nje nyuzi ngumu, ndani ute mzito. Nyuzi zikichanika, kwa kunyanyua gunia vibaya au kwa kuchakaa tu kadiri umri unavyokwenda, ute unajitokeza na kugusa mzizi wa mshipa. Mzizi unavimba na kuuma. Habari njema ni kwamba kwa watu wengi ute huo husinyaa wenyewe, na nafuu hupatikana ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa.

Kitanda kinadanganya

Ushauri wa zamani ulikuwa "lala upumzike". Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi walichapisha majibu ya kuupima ushauri huo kwa wagonjwa 183 wa sayatika. Kundi moja lililazwa kitandani wiki 2, lingine likaendelea na maisha kadiri lilivyoweza. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa na nafuu. Kitanda hakikuongeza kitu.

Kinachoongezeka kitandani ni mambo mengine: misuli ya mgongo na makalio inalegea, na mgonjwa anaanza kuogopa kuinama. Siku mbili tatu za mwanzo kupumzika pale maumivu yanapozidi si kosa. Wiki nzima ni kujiumiza.

Mtaalamu anafanya nini hasa?

Wengi wanadhani fiziotherapia ni kukandwa. Sehemu kubwa ya kazi ni kupima. Mgonjwa analala chali, mtaalamu anauinua mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka chini ya goti kabla mguu haujafika juu, mzizi wa mshipa unashukiwa. Anagonga goti na kisigino kwa kinyundo, anapima kama kidole gumba cha mguu kina nguvu, anauliza wapi pana ganzi. Majibu hayo yanaonyesha mzizi upi umeguswa.

Halafu anatafuta upande ambao mgongo unapenda. Hapa kuna kisa ambacho wataalamu wengi wanakijua. Mwaka 1956 huko Wellington, New Zealand, mtaalamu aitwaye Robin McKenzie alimwambia mgonjwa mwenye maumivu ya kiuno hadi gotini alale kifudifudi amsubiri. Kitanda kilikuwa kimeachwa kimeinuliwa upande wa kichwani. Mgonjwa akalala hivyo hivyo, mgongo umepinda kwa nyuma, mkao ambao enzi hizo ulionekana wa hatari. McKenzie aliporudi baada ya dakika kama 5 alishtuka, lakini mgonjwa alimwambia mguu umetulia. Maumivu yalikuwa yamepanda na kubaki katikati ya kiuno.

Kutoka hapo ndipo lilipopatikana jambo ambalo kila mgonjwa anapaswa kulijua: maumivu yakitoka unyayoni yakapanda kwenye paja, kisha yakabaki kiunoni, hiyo ni dalili nzuri hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda. Wengi huacha mazoezi hapo hapo wakidhani wameharibikiwa. Cha kuogopa ni kinyume chake. Zoezi likiyasukuma maumivu kushuka kuelekea kidoleni, acha na umwambie mtaalamu.

Ndiyo sababu kuiga video ya mtandaoni ni kamari. Kijana mwenye diski iliyotokeza mara nyingi atapata nafuu kwa kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono, nyonga zikibaki chini, mara kama 10, akirudia mara kadhaa kwa siku. Mzee ambaye njia ya mishipa mgongoni imekuwa nyembamba, zoezi hilo hilo linaweza kumzidishia. Yeye hupata nafuu akiinama mbele, kama anavyofanya akisukuma baiskeli.

Baadaye huongezwa kutembea, mazoezi ya tumbo na makalio, na mwendo mpole wa kukunja na kunyoosha goti ili mshipa uteleze vizuri. Anayeendesha bodaboda au lori hufundishwa kushuka na kunyoosha mgongo mara kwa mara, na kutoa pochi nene mfuko wa nyuma.

Na ile mikanda ya kiuno inayouzwa barabarani? Miongozo ya kitabibu ya Uingereza haipendekezi mikanda, kuvutwa mgongo kwa mashine wala mashine za umeme kwa tatizo hili. Heri hela hiyo iwe nauli ya kumfikia mtaalamu. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina idara za fiziotherapia. Sindano nazo ziwe za hospitali: ikichomwa vibaya kwenye tako, inaweza kuujeruhi mshipa huo huo.

Usianze na mazoezi kama...

Mkojo umegoma kutoka au unatoka bila kujua, haja kubwa haizuiliki, kuna ganzi sehemu inayogusa tandiko ukikaa, au miguu yote miwili inalegea. Huko ni mishipa ya chini kubanwa yote kwa pamoja, na upasuaji wa haraka unaweza kuhitajika. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata iwe usiku.

Unyayo unaoburuzika, yaani huwezi kuunyanyua ukitembea, nao usisubiri. Na mgongo unaouma zaidi usiku, ukiambatana na homa, kutokwa jasho na kupungua uzito, unahitaji kipimo cha kifua kikuu kabla ya zoezi lolote, kwa sababu TB hushambulia pingili za mgongo pia.